Kinywa cha mwenzako: nani mwenye haki ya kukifungua?



Ndugu msomaji, juma hili nataka tuzungumze juu ya kinywa. Si kwa maana ya ulimi na kusengenyana, mada ambayo masheikh wetu wameisomesha sana na bado wana kazi nayo. Nakusudia kinywa hiki cha nyama na mifupa: meno, fizi na mate. Najua wapo watakaouliza, hivi Waislamu hawana mambo mazito yanayowakabili hadi safu nzima itumike kwa meno? Mambo mazito yapo. Hili nalo nalihesabu miongoni mwayo, kwa sababu ndani yake limo swali ambalo kila mzazi na kila mgonjwa atakutana nalo. Nani mwenye haki ya kufungua kinywa cha mtu mwingine, akakitazama, akahukumu hali ya mwili mzima, kisha akatenda kwa hukumu ile?

Swali hili limenijia nikiwa Tabora, na kwa kweli Tabora ndipo mahali pake. Mji huu, ambao wageni wa karne ya 19 waliuita Kazeh au Unyanyembe, ulikua kwa sababu ya meno. Sisemi kwa mafumbo. Kile tunachokiita kwa Kiswahili pembe ya ndovu si pembe hata kidogo. Ni jino, ni meno mawili ya mbele ya taya la juu la mnyama yule, yaliyorefuka hadi yakatoka nje ya kinywa. Wapagazi wa Kinyamwezi waliyabeba mabegani kutoka huku bara hadi Bagamoyo, yakavushwa kwenda Unguja, na kutoka huko yakasafiri hadi Bombay, London na Marekani kuwa vitufe vya vinanda, vitana na mipira ya biliadi. Na kabla ya hapo, katika karne ya 18 na mwanzoni mwa ile ya 19, matajiri wa Ulaya walioozewa na meno yao walichongewa meno ya bandia kutokana na pembe za ndovu na za kiboko.

Njia ile ile ilipitisha watu. Hapa naomba tuvumiliane kidogo. Mwaka 1811 nahodha mmoja Mwingereza, Thomas Smee, alifika Unguja na kuandika alivyoona soko la watumwa. Katika maelezo yake jambo moja halijanitoka kichwani. Mnunuzi alianza na kinywa. Alikagua kinywa na meno kwanza, ndipo akaendelea na viungo vingine, kimoja baada ya kimoja. Soko lile lilikuja kufungwa mwaka 1873, wakati wa Sayyid Barghash, kwa shinikizo la Waingereza. Wapo miongoni mwetu ambao wakisikia habari hizi hukimbilia kujibu kwamba zimetiwa chumvi na wamishonari. Chumvi ilitiwa, sikatai, na mara nyingi kwa makusudi. Lakini chumvi hutiwa kwenye chakula kilichopo.

Kwa nini mnunuzi alianza na kinywa? Hakuwa tabibu na wala hakusoma vitabu vya tiba. Alikuwa mtu wa fedha, na mtu wa fedha hapotezi wakati kutazama mahali pasipompa habari. Meno yalimwambia umri. Fizi zilizovimba na meno yaliyolegea yalimwambia njaa, safari ndefu na maradhi yaliyofichika. Alijua kwamba kinywa ni mlango ambao mwili hauwezi kuufunga ukaficha yaliyomo ndani. Ilimu yake ilikuwa sahihi kabisa, na matumizi yake yalikuwa dhulma.

Mfano mwingine wa njia ile ile ni wa mzungu ambaye nyumba aliyokaa bado inatunzwa kama makumbusho pale Kwihara, nje kidogo ya mji. Stanley alipomkuta Livingstone Ujiji mwaka 1871, miongoni mwa aliyoyaandika ni kwamba meno ya mzee yule yalikuwa yameharibiwa na chakula kigumu cha nchi ya Lunda. Livingstone mwenyewe alikuwa amelalamikia mahindi magumu yaliyomlegeza meno. Mwaka 1872 walikuja pamoja Kwihara, Stanley akarudi pwani mwezi Machi, mzee akabaki akingoja wapagazi hadi Agosti. Mwaka uliofuata alifariki. Simuandiki hapa kwa kumtukuza, ana watu wake wa kufanya hivyo. Nataka tu tuone kwamba mwandishi wa gazeti, ambaye naye hakuwa tabibu, alipotaka kueleza mwili uliochakaa hakuweza kuyaacha meno.

Sasa tuingie kwetu. Mtume (s.a.w.) aliwafananisha Waumini katika kupendana na kuhurumiana kwao na mwili mmoja ambao kiungo kimoja kikiuma, mwili wote huitikia kwa kukesha na kwa homa. Hadithi hii tunaisikia kila siku tunapochangishwa fedha za maafa, na ni sawa. Lakini tumewahi kuitazama kwa upande wa pili? Mfano hauwi mfano ila uwe umesimama juu ya jambo ambalo msikilizaji analijua. Waliosikia maneno yale walikwishajua kwamba mwili ni kitu kimoja, na yeyote aliyewahi kukesha kwa gego hahitaji tafsiri.

Kisha tuutazame mswaki. Neno hili tumelirithi kutoka Kiarabu, na mti wenyewe unaota katika nchi zetu kavu. Bukhari na Muslim wamepokea kwamba Mtume (s.a.w.) alisema lau si kuchelea kuutaabisha umma wake angeliwaamrisha kupiga mswaki katika kila swala. Na katika saa zake za mwisho, akiwa ameegemea kifuani kwa Mama Aisha (r.a.), aliutazama mswaki uliokuwa mkononi mwa Abdurrahman bin Abubakar. Mama Aisha akafahamu, akauchukua, akaulainisha kwa meno yake, akampa. Tendo hili ni miongoni mwa ya mwisho kabisa aliyoyafanya duniani. Mtu aliye katika hali ile hashughuliki na kitu kidogo.

Lipo jingine ambalo wengi hatulisikii misikitini. Katika barua mashuhuri aliyoandikiwa Amr bin Hazm, jino limewekewa diya ya ngamia watano. Uhai wa mtu mzima ni ngamia mia. Maana yake, sharia imelipa jino moja sehemu ya ishirini ya uhai. Na mafaqihi wengi hawakutofautisha jino la mbele na gego. Hebu linganisha na jinsi sisi tunavyolichukulia: likiuma, ling'olewe, twende zetu.

Na hata mwenye kinywa chake si mmiliki wa moja kwa moja. Burton, aliyefika Kazeh mwaka 1857, aliandika kwamba Wanyamwezi walichonga mwanya baina ya meno mawili ya mbele ya juu kuwa alama na pambo. Ibn Mas'ud (r.a.) amepokea laana kwa wanawake wanaojichonga mianya kwa ajili ya urembo, wakibadilisha umbile la Allah. (Aliyezaliwa na mwanya wake asitie shaka, huyo kapewa.) Ikiwa mimi mwenyewe nina mipaka juu ya meno yangu, basi mtu wa kando ana mipaka mikubwa zaidi.

Utabibu wa leo unasema nini? Unathibitisha lile ambalo mnunuzi wa watumwa alilijua kwa jicho, ila sasa kwa vipimo. Mgonjwa wa kisukari huugua fizi kwa urahisi zaidi, na fizi zenye maradhi nazo humfanya sukari yake iwe ngumu kudhibitiwa. Ni njia ya kwenda na kurudi. Mapitio ya tafiti yaliyochapishwa na taasisi ya Cochrane mwaka 2022 yalionyesha kwamba kusafisha na kutibu fizi za wagonjwa hao hushusha kile kipimo cha sukari cha miezi mitatu kwa takriban asilimia 0.4, kwa miezi michache. Si nyingi, lakini wapo wanaonunua dawa ya ziada kutafuta kiasi hicho hicho. Mtu ambaye valvu za moyo wake zimeharibika, na homa ya baridi yabisi imewaharibia valvu watoto wengi nchini mwetu, anaweza kupata maambukizi ya moyo kutokana na vijidudu vilivyoanzia kwenye fizi. Ndiyo maana kabla ya upasuaji wa valvu mgonjwa hupelekwa kwanza kwa daktari wa meno. Utando mweupe mdomoni umewahi kuwa ishara ya kwanza ya Ukimwi kwa wengi. Na majirani zetu wa Singida na Shinyanga, kama ndugu zetu wa Arusha, wanayajua meno ya kahawia yanayotokana na madini ya floridi katika maji ya visima. Shirika la Afya Duniani limeweka kikomo cha miligramu 1.5 kwa lita, lakini kwa miaka mingi kiwango kilichovumiliwa vijijini kwetu kilikuwa miligramu 8. Pale floridi inapozidi sana, haiishii kwenye meno, mifupa ya miguu nayo hupinda. Watoto wanachekwa kwa rangi ya meno, na kumbe meno yanatoa ushahidi juu ya kisima.

Kuhusu tumbaku, ambayo Urambo imeilima tangu miaka ya 1950 na ambayo imejenga nyumba nyingi za mkoa huu, misikiti ikiwemo, sitasema kitu leo. Kinywa ndicho mahali pa kwanza inapopita, ikivutwa au ikibwiwa. Hayo yanataka makala yake.

Basi uhusiano wa kinywa na mwili ni kweli. Na hapa ndipo hatari inapoanza, maana kutoka kwenye ukweli huu hadi shimoni ni hatua moja. Mwaka 1900 daktari mmoja wa London, William Hunter, alianza kuandika kwamba uchafu wa kinywa ndio chanzo cha maradhi mengi ya mwili. Lilikuwa neno lenye chembe ya haki. Baada yake, kwa zaidi ya miaka 20, madaktari wa Uingereza na Marekani waling'oa mamilioni ya meno, mengi yakiwa mazima, eti kutibu baridi yabisi, tumbo na udhaifu. Katika jimbo la New Jersey, Henry Cotton, mkuu wa hospitali ya wagonjwa wa akili ya Trenton, aliwang'oa wagonjwa wake meno kwa maelfu akiamini wazimu unatokana na usaha uliojificha. Meno yakiisha na wazimu ukibaki, alihamia kwenye matumbo yao, na wengi walikufa. Wagonjwa wale hawakuwa na mtu wa kuwasemea. Alikuwa na shahada, alikuwa na koti jeupe, na kwa muda mrefu alisifiwa.

Mmarekani mwingine wa mkondo huo huo, Weston Price, daktari wa meno, alikuja hadi kwetu Afrika Mashariki mwaka 1935. Alipita Kenya na Uganda akichungulia vinywa vya watu, wakiwemo Wamasai. Aliona kwamba wale waliobaki na vyakula vyao vya asili meno yao yalikuwa mazima, na waliozoea unga mweupe na sukari yalikuwa yakioza. Hapo aliona vema, na duka lolote la mtaani kwetu leo ni ushahidi wake. Lakini Price huyo huyo ndiye aliyeeneza fikra kwamba jino lililotibiwa mzizi ni sumu ya mwili mzima na ling'olewe, fikra ambayo utafiti wa baadaye haukuiunga mkono na ambayo bado inauzwa kwa jina la tiba ya meno ya mwili mzima. Mtu mmoja, kinywa kimoja cha maneno, haki na batili zimekaa pamoja.

Nimeyatanguliza hayo ya wazungu kwa makusudi, ili tusijione ni sisi peke yetu wajinga tunapofika kwenye meno ya plastiki.

Wasomaji wengi wanalijua jambo hili. Tangu miaka ya 1980 lilienea katika sehemu nyingi za Tanzania. Mtoto wa miezi michache anapata homa, anaharisha, anatapika, anakataa ziwa. Bibi au jirani anapitisha kidole kwenye ufizi, anakuta uvimbe mahali pa chonge, anasema ana meno ya plastiki, au ya nailoni. Mtoto anapelekwa kwa mtu mwenye kisu, sindano, au spoki ya baiskeli iliyonolewa. Ufizi unachanwa, kinatolewa kitu kidogo, cheupe, laini, na mama anaonyeshwa: unaona, si jino hili, ni plastiki. Uganda wanaliita ebinyo. Lipo Kenya, lipo Sudan, lipo Ethiopia, na wahamiaji wamekwenda nalo hadi Ulaya.

Kitu kile cheupe na laini ni jino. Ni chonge la utotoni ambalo halijakomaa, halijapata chokaa ya kuligeuza gumu, kama yai ambalo kuku hajaliwekea gamba. Uvimbe ulioonekana ni mahali pake pa kawaida kwa umri ule. Homa ilikuwa ya malaria, au kuharisha kulitokana na maji. Mambo mawili yalikutana katika mwezi mmoja wa maisha ya mtoto, na watu wakayafunga ndoa. Wapo watoto waliovuja damu hadi wakafa, waliopata pepopunda, walioambukizwa kwa chombo kilichotoka kwa mtoto mwingine. Aliyesalimika huweza kukua na jino la ukubwani lililopinda, au asilipate kabisa, kwa kuwa kijiti chake kimekaa pale pale kwa chini. Na wakati wote huo malaria yenyewe haijatibiwa.

Sharia ina la kusema? Inalo, na ni zito. Mtume (s.a.w.) alieleza kwamba anayejifanya tabibu na hajulikani kwa utabibu, yeye ndiye mwenye dhamana ya madhara yatakayotokea. Wameipokea Abu Daud, Nasai na Ibn Majah. Zingatia kwamba haikusemwa tabibu mwenye nia mbaya. Dhamana inamshika hata mwenye nia njema, kwa sababu nia haiponyeshi ufizi. Kwa kipimo hiki Cotton wa Trenton na mwenye spoki wa kijijini wanakaa benchi moja. Na Suratul Israi, aya ya 36, imetukataza kufuata tusilolijua, ikatukumbusha kwamba masikio, macho na moyo vitaulizwa.

Lakini nisiwageuzie kisogo wenye hospitali. Mama haendi kwa mwenye spoki kwa kupenda giza. Mara nyingi amekwishafika zahanati, akapewa vidonge bila kuelezwa neno. Akitaja meno ya plastiki anafokewa mbele ya wenzake. Mwenye spoki hamfokei. Anamketisha, anamsikiliza, anaunganisha homa na tumbo na kinywa kuwa kisa kimoja chenye mwanzo na mwisho. Kisa ni cha uongo, ila mama ametoka akiwa ametendewa kama mtu. Na hospitali zetu zimezigawa habari za mwili vyumba vyumba: kliniki ya kisukari mlango huu, meno mlango ule, na nimewaona wagonjwa wa sukari wa miaka 10 ambao hakuna aliyewahi kuwauliza kama fizi zinatoa damu. Wapo watu wazima ambao mara ya kwanza kinywa chao kutazamwa na mtaalamu ndiyo siku walipokwenda kung'olewa.

Na misikiti? Kila Ramadhani tunasikia suala la mswaki: mfungaji apige au asipige? Rai mashuhuri katika madh-hab ya Shafi, ambayo wengi wetu tunaifuata, ni kwamba baada ya adhuhuri ni makruhu. Makruhu, si haramu. Na usiku wote ni halali, baada ya futari na baada ya daku. Badala yake wapo wanaokaa mwezi mzima na ukoga wa tende na kaimati wakidhani ndiyo ile harufu iliyosifiwa. Harufu iliyosifiwa ni ya tumbo tupu kwa ajili ya Allah, si ya mabaki ya futari ya jana.

Nilikuwa barazani Isevya baada ya swala ya alasiri, mazungumzo yakafika hapa. Kijana mmoja, fundi baiskeli, alicheka kwa sauti na kutuonyesha. Chonge zote mbili za juu hana, hazikuota kabisa. Alifanyiwa akiwa wa miezi saba. Mzee mmoja akaanza kumlaumu mama yake, kijana akamkatiza kwa adabu: "Mzee wangu, mama alinipeleka kwa kuwa alinipenda. Aliuza kuku wake wawili kumlipa yule bwana." Hapo baraza likanyamaza kidogo.

Kisha akamgeukia sheikh aliyekuwa nasi, nusu kwa utani. Alisikia darasani kwamba jino moja ni ngamia watano. Yake ni mawili. Je, ngamia wake kumi anamdai nani?

Sheikh hakucheka. Akaeleza kwamba mafaqihi walisema jino la mtoto ambaye hajabadilisha meno lisihukumiwe kwa haraka, maana kwa kawaida huota tena. Hungojwa. Lisipoota, haki inathibiti. Mama hakung'oa kwa mkono wake, alidanganywa. Mwenye dhamana ni yule aliyeshika chombo bila ilimu, na malipo aliyochukua hayakuwa halali yake. Kijana akasema mama yake alikwishamsamehe zamani, hata hana la kumsamehe. Kuhusu yule bwana hakusema kitu, alisema tu kwamba alikwishafariki.

"Ana warithi?" sheikh akauliza.

"Anao. Mmoja bado anafanya kazi ile ile, na mwezi uliopita nilimzibia pancha ya baiskeli yake."